Kipimo Kipi, kwa Swali Lipi?

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifundisha somo la mbinu za utafiti. Kila muhula unapoanza, huandika ubaoni sentensi ileile: mbinu hufuata swali, swali halifuati mbinu. Mwanafunzi anayekuja ofisini kwangu na kuniambia kwamba atatumia dodoso, ilhali bado hajui anataka kujua nini, mimi humrudisha akafikiri upya. Wako waliowahi kunilalamikia kwa ukali huo. Leo nataka kuungama mbele yenu, ndugu wasomaji, kwamba niliisahau sentensi hiyo siku niliyoihitaji kuliko siku zote, na aliyenikumbusha hakuwa mhadhiri mwenzangu.

Mwanangu alikuwa na umri wa miezi saba alipopata homa. Hakukohoa, hakuharisha, hakuwa na mafua wala vipele. Alikuwa akilialia na kukataa kunyonya. Tulimpeleka katika kituo cha afya kilicho karibu nasi. Alitobolewa kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha kwamba hana malaria, tukarudi nyumbani na dawa ya kushusha homa pamoja na chupa ya antibayotiki iliyotolewa kwa tahadhari tu. Homa ilishuka. Baada ya siku tisa ikarudi. Kidole kikatobolewa tena, na kwa mara ya pili malaria haikuonekana. Safari hii aliandikiwa dawa ya malaria hata hivyo, kwa maelezo kwamba kipimo nacho wakati mwingine hakioni. Katika safari zote mbili hakuna aliyeuliza habari za mkojo wake.

Aliyeuliza alikuwa mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Alimpakata, akambadilisha nepi, akanigeukia: "Mwanangu, mkojo wa mtoto huyu mmeupima?" Nilimjibu kwamba watoto wa umri ule hawapimwi mkojo, jibu ambalo sikuwa na ushahidi wowote wa kulitoa. Hakubishana nami. Homa iliporudi mara ya tatu tukaenda hospitali kubwa zaidi, naye akafuatana nasi.

Pale nilijifunza kwamba kupata mkojo wa mtoto mchanga ni kazi yenye utaalamu wake. Njia rahisi ni kumbandikia kifuko cha plastiki na kusubiri. Lakini mkojo wa kifukoni hupitia kwenye ngozi na kubeba vijidudu vya hapo. Ukionekana safi, unaweza kuuamini kwa kiasi kikubwa. Ukionekana mchafu, hujui kama uchafu umetoka kibofuni au mapajani. Kwa hiyo daktari anayetaka kuotesha mkojo maabara ili amjue kijidudu mwenyewe, hutaka uliopatikana kwa mpira au uliokingwa katikati ya mkondo. Muuguzi alikuwa akiandaa mpira mama yangu aliposema, "Nipeni kikopo."

Mama ni Mdigo. Alimkalisha mtoto kati ya miguu yake, mgongo wa mtoto ukiegemea tumbo lake, akatoa sauti ndogo ya maji yanayotiririka: shuuu, shuuu. Haikupita dakika tano. Muuguzi alicheka, nami nikaona haya kidogo, kama wasomi tunavyoona haya mambo ya nyumbani yanapofaulu mbele ya watu. Baadaye niligundua kwamba ujuzi ule umeandikwa katika majarida ya kitabibu tangu 1977, pale Marten na Rachel deVries walipochapisha katika jarida la Pediatrics utafiti wao juu ya akina mama wa Kidigo wa pwani ya Kenya, wanaowazoesha watoto kukojoa kwa ishara tangu wiki za mwanzo za maisha. Mama yangu hajalisoma jarida hilo, wala hakulihitaji.

Mkojo ulioteshwa ukaonyesha Escherichia coli, bakteria wa utumboni ambaye ndiye msababishi mkuu wa maambukizi ya njia ya mkojo kwa watoto. Mwanangu alilazwa, akachomwa sindano kwa siku kadhaa, homa ikaisha. Kisha ikafanyika ultrasaundi ya figo na kibofu. Figo ya kushoto ilionekana imetanuka kidogo katikati, na ukuta wa kibofu ulionekana mnene kuliko kawaida. Daktari akatueleza kwamba huenda mkojo wake unarudi nyuma.

Naomba nieleze kwa ufupi maana yake. Mkojo hutengenezwa na figo, hushuka kwa mirija miwili hadi kibofuni, kisha hutoka nje. Pale mrija unapoingia kibofuni, umepita kwa mshazari ndani ya ukuta, kiasi kwamba kibofu kikijaa au kikibana, mrija nao hubanwa ukajifunga. Kwa baadhi ya watoto sehemu hiyo ya mrija ni fupi mno, haijifungi vizuri, na mkojo hupanda kurudi figoni. Mkojo wenye bakteria ukifika figoni, figo inaweza kuugua na kubaki na makovu. Makovu yakiwa mengi yanaweza kuleta shinikizo la damu, na kwa wachache, figo kushindwa kufanya kazi. Madaktari hupanga tatizo hili katika daraja tano: la kwanza mkojo unaishia ndani ya mrija tu; la tano mrija umetanuka na kujipinda, na figo imevimba. Daraja za chini mara nyingi hupona zenyewe kadiri mtoto anavyokua.

Daktari alipendekeza picha ya eksirei ya kibofu. Mtoto huwekewa mpira mwembamba, kibofu hujazwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, na picha hupigwa kibofu kinapojaa na mtoto anapokojoa. Niliposikia neno mionzi, nikaomba muda wa kufikiri. Nilifanya nijuacho kufanya: nilirudi nyumbani, nikafungua kompyuta, nikasoma hadi usiku wa manane kwa siku nne mfululizo. Nikachora jedwali.

Safu ya kwanza ilikuwa ultrasaundi ya kawaida. Haina mionzi, haina mpira, inapatikana katika hospitali nyingi. Lakini haiuoni mkojo ukirudi. Huona umbo la figo na kibofu tu. Mtoto anaweza kuwa na picha nzuri na bado mkojo wake ukawa unarudi, na mwingine akawa na figo iliyotanuka kwa sababu nyingine kabisa.

Safu ya pili, eksirei ya kibofu. Hii ndiyo ya zamani na ndiyo inayopimiwa nyingine. Huonyesha kama mkojo unarudi, umefika wapi, uko daraja gani, na huonyesha pia njia ya kutokea nje. Ina mionzi, ingawa mashine za kisasa zinazopiga kwa vipindi vifupi zimeipunguza sana.

Safu ya tatu, kipimo cha nyuklia. Badala ya dawa ya eksirei, kibofuni hutiwa kiasi kidogo cha teknesiamu yenye mnururisho, na kamera maalumu hufuatilia inakokwenda. Mionzi yake ni midogo na kamera huangalia bila kukatiza, hivyo hufaa kwa mtoto anayefuatiliwa baada ya kugunduliwa. Lakini picha yake ni ukungu: haisomi daraja vizuri, wala haionyeshi njia ya kutokea nje. Teknesiamu yenyewe hupungua kwa nusu kila baada ya saa sita. Hutolewa katika chombo chenye molibdenamu, ambayo nayo hupungua kwa nusu katika siku tatu hivi. Nchi isiyoizalisha haina budi kuiagiza tena na tena, kwa ndege, mwaka mzima.

Safu ya nne ndiyo iliyoniteka moyo: ultrasaundi ya viputo. Kibofuni hutiwa viputo vidogo sana vya gesi vinavyong'aa kwenye ultrasaundi, na mtaalamu huvifuata kwa macho vikipanda kuelekea figoni. Haina mionzi hata kidogo. Uwezo wake wa kugundua mkojo unaorudi haupungui ule wa eksirei, na pengine huuzidi. Ulaya wameitumia kwa miaka mingi. Marekani iliidhinisha dawa ya viputo kwa matumizi hayo kwa watoto mwishoni mwa 2016. Nikaamua kwamba hicho ndicho kipimo cha mwanangu. Nikaanza kuulizia ni nchi gani ya jirani tunaweza kwenda, na ni kiasi gani tunaweza kukopa kwenye chama cha akiba na mikopo cha chuo.

Nikaenda na jedwali langu kwa daktari bingwa wa watoto. Ni mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alilisoma lote.

"Dokta," aliniambia, akilitamka jina hilo bila kejeli, "umelinganisha vizuri sana. Sasa niambie, tunataka kujua nini juu ya mtoto huyu?"

Sikuwa na jibu. Katika jedwali lile nilikuwa na safu ya mionzi, ya gharama, ya usahihi na ya upatikanaji. Safu ya swali haikuwamo.

Akanieleza. La kwanza, tunataka kujua kama mkojo unarudi na unafika wapi. Kwa swali hilo viputo ni vizuri, wala hakupinga nilichosoma. La pili, huyu ni mtoto wa kiume na ukuta wa kibofu chake ni mnene. Wako watoto wa kiume wanaozaliwa na utando unaoziba njia ya kutokea mkojo. Kibofu chao husukuma kwa nguvu hadi kikawa kinene, na mkojo hurudi kwa kukosa pa kwenda. Huyo haponi kwa kusubiri, huhitaji upasuaji. "Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi," alisema, "na kwa mikono tuliyo nayo hapa, eksirei ndiyo itakayolijibu kwa uhakika." Kisha akaongeza jambo ambalo katika usiku wangu wote minne sikuliona: "Na mpira huo unaouogopa kwa niaba yake, viputo navyo vinauhitaji. Nyuklia nayo inauhitaji. Maumivu ni yaleyale."

Nilipoinuka kuondoka, akaniuliza la tatu: jibu litakapokuja, litabadili nini katika matibabu? "Kama halibadili kitu, mimi simwekei mtoto mpira."

Tulisubiri majuma mawili kwa sababu mashine ya eksirei ya mfululizo ilikuwa imeharibika, na fundi alitakiwa kutoka mbali. Siku ya kipimo ilipofika tulikaa kwenye benchi na mama mmoja kutoka wilayani, mwenye binti wa miaka mitatu. Binti yake alikuwa ametibiwa malaria mara nyingi kiasi kwamba mama hakuweza tena kuzihesabu. Ultrasaundi ya binti ilionyesha figo moja imesinyaa. Kwa sera, mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi katika vituo vya umma. Kwa hali halisi, mama yule alikuwa ameuza mbuzi kwa ajili ya nauli na dawa ambazo hazikuwapo dirishani. Aliniuliza kama picha ile ingeirudisha figo. Nilimwambia hilo atamjibu daktari. Nilikuwa nalijua jibu. Nilikosa ujasiri wa kulitamka.

Nilivaa aproni ya risasi, nikamshika mwanangu mikono. Alilia mpira ulipoingia, kisha akatulia. Kwenye kioo kibofu kilijaa taratibu kikawa cheupe kama yai. Alipoanza kukojoa, uzi mwembamba mweupe ulipanda upande wa kushoto, ukafika figoni na kutanuka. Njia ya kutokea nje ilionekana wazi, haina utando. Daraja la tatu. Daktari alishusha pumzi kabla yangu.

Sasa niseme kwa nini nayaandika haya katika ukurasa huu, ambao wengi wenu huufuata kwa ajili ya mjadala wa siasa na jamii.

Mwaka 2014, jarida moja, New England Journal of Medicine, lilichapisha tafiti mbili ambazo nadhani zinapaswa kusomwa pamoja. Ya kwanza ilifanyika Marekani kwa watoto 607 wenye tatizo hili la mwanangu. Nusu walipewa antibayotiki kidogo kila siku kwa miaka miwili, nusu wakapewa dawa isiyo na kitu. Waliopata dawa waliugua tena mara chache zaidi: 39 kati ya 302, dhidi ya 72 kati ya 305. Lakini makovu ya figo hayakutofautiana baina ya makundi mawili. Tena, miongoni mwa waliougua tena kwa E. coli, bakteria sugu kwa dawa ile walikuwa asilimia 63 kwa waliokuwa wakiitumia, na asilimia 19 kwa wasioitumia. Yaani hata baada ya kulijua daraja, nini cha kufanya ni jambo la kupima faida na hasara. Ndiyo maana tangu 2011 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kwamba eksirei ya kibofu isifanywe kwa kila mtoto baada ya maambukizi ya kwanza. Ifanywe pale ultrasaundi inapoonyesha kasoro, au maambukizi yanaporudi.

Utafiti wa pili ulifanyika hapa kwetu, Dar es Salaam na Ifakara, kwa watoto 1,005 waliofika vituoni na homa. Wenye malaria walikuwa asilimia 10.5. Wenye maambukizi ya njia ya mkojo walikuwa asilimia 5.9. Wengi mno walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Someni tena tarakimu hizo mbili za kwanza. Kwa kila watoto wawili wenye malaria katika benchi lile, alikuwapo zaidi ya mmoja mwenye ugonjwa wa mkojo. Hata hivyo, mwongozo wa kumhudumia mtoto mgonjwa katika zahanati zetu umejengwa juu ya malaria, nimonia, kuhara, surua na utapiamlo. Mganga wa kituo kile hakuzembea. Alijibu maswali aliyofundishwa kuuliza, na mkojo haukuwa mojawapo.

Sisemi kwamba kila homa sasa iitwe ugonjwa wa mkojo. Mtaani tayari tuna desturi ya kuita kila maumivu ya tumbo yutiai na kununua vidonge dukani, na usugu nilioutaja hapo juu ni bei ya desturi hiyo. Ninachosema ni kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye homa isiyo na chanzo kinachoonekana anastahili kikopo safi, kijiti cha kupimia mkojo, na mtu aliyefundishwa kukisoma. Ultrasaundi, eksirei, nyuklia na viputo vyote viko upande wa pili wa kikopo hicho. Mtoto asiyevuka hapo hana habari na mashine yoyote, hata ikiwa imefungwa katika wilaya yake na kukatiwa utepe.

Kwenu watumishi wa umma mnaoandaa bajeti: mashine inaponunuliwa, fedha ya matengenezo na ya vifaa vyake iandikwe katika ukurasa uleule wa manunuzi. Majuma mawili niliyosubiri mimi yalikuwa ya wasiwasi tu. Kwa mtoto mwenye utando, yangekuwa majuma mawili ya figo zake. Kwenu wanaharakati: tunajua kudai mashine, tujifunze kudai pia miongozo, maana yaliyomo katika mwongozo wa zahanati huwafikia watoto wengi kuliko hospitali ya rufaa. Kwenu wanafunzi wangu: kabla ya kusifu mbinu yoyote kwa sababu ni mpya, ulizeni inajibu nini, na jibu hilo litabadili nini.

Mwanangu sasa ana miaka minne. Alitumia dawa kwa muda, akaachishwa, na hajaugua tena ugonjwa huo. Ultrasaundi ya mwisho ilionyesha figo zote mbili zinakua sawasawa. Nilimwomba daktari turudie eksirei ili tuwe na uhakika kwamba mkojo haurudi tena. Aliniangalia kwa upole uleule.

"Uhakika huo utakusaidia kufanya nini, Dokta?"

Nilifikiri nikakosa la kusema. Tukaenda nyumbani.